Vifuko vya chai vinavyooza: anzeni na kibahasha, si na kifuko

Swali: Assalaam aleykum. Sisi ni kikundi cha akina mama saba hapa Ngamiani, Tanga. Tunachukua chai nyeusi ya Amani, kwenye milima ya Usambara, tunaichanganya na tangawizi na mchaichai, tunafungasha vifuko vya gramu 2. Kila kifuko kina uzi, lebo na pini ya stepla, kisha kinaingia kwenye kibahasha chake cha foili. Vibahasha 25 vinakaa kwenye boksi, na boksi linavikwa nailoni inayong'aa. Wageni wa hoteli na wateja wa Dar es Salaam wanatuuliza kama vifuko vyetu vinaoza. Kuna muuzaji mtandaoni ana vifuko vya pembetatu vya "nyuzi za mahindi", bei karibu mara tatu ya hii tunayolipa sasa. Tuvichukue? Mwaka jana tulijaribu kuacha foili tukatumia kaki tupu. Chai ilipoteza harufu ndani ya wiki chache na pakiti nyingine zikaota ukungu.

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Msivichukue, angalau si sasa. Pesa hiyohiyo mkiielekeza sehemu nyingine ya boksi lenu mtapunguza taka mara nyingi zaidi, na ukungu wa mwaka jana mtaupatia dawa humohumo.

Anzeni na mizani. Tafuteni ndogo ya kusoma gramu 0.01, kama ya sonara, mfungue boksi moja na kupima kila kipande peke yake. Kwa boksi la aina yenu hesabu huwa inakwenda hivi. Kifuko cha sentimita 5 kwa 6, pande mbili pamoja na mshono, kinakula karibu sentimita za mraba 70 za karatasi. Karatasi ya kuchujia yenye gramu 17 kwa mita ya mraba inatoa gramu 0.12 kwa kifuko, yaani gramu 3 kwa vifuko 25. Uzi na lebo zake ni kama gramu 3 nyingine. Pini zote hazifiki gramu moja. Kibahasha cha foili cha sentimita 7 kwa 8 kina gramu 0.8 hivi, na vikiwa 25 ni gramu 20. Boksi la kadibodi nalo ni gramu 20, na nailoni ya juu gramu moja na nusu. Jumla ni karibu gramu 48 za vifungashio zilizobeba gramu 50 za chai.

Sasa tazameni plastiki peke yake. Kifuko kinachobandikwa kwa joto kwa kawaida kina nyuzi za polipropilini, kiasi cha robo ya uzito wake. Hiyo ni gramu 0.03. Kibahasha cha foili kina karatasi nje, poliethilini katikati kama gundi, utando wa alumini wenye mikroni 7 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na poliethilini tena upande wa ndani ili kizibike. Plastiki yake peke yake ni kama gramu 0.3, mara kumi ya ile ya kifuko. Tena tabaka hizo zimeshikana kiasi kwamba hakuna wa kuzitenganisha. Mwokota chupa haitaki, kiwanda cha karatasi hakiitaki, na ikichomwa uani poliethilini inatoa moshi na alumini inabaki majivuni. Wateja wenu wanauliza kuhusu kifuko kwa sababu ndicho wanachokiona ndani ya kikombe. Uzito wa tatizo uko kwenye kile walichokichana na kukitupa kabla maji hayajamiminwa.

Hizo "nyuzi za mahindi" ni nini

Ni PLA, plastiki inayotengenezwa kwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo hupatikana kwa kuchachusha sukari ya mahindi au ya miwa. Asili yake ni mmea, hilo ni kweli. Lakini ikishasokotwa uzi ni plastiki kamili, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu plastiki za kutumika mara moja inaihesabu hivyo. Inalainika kwenye nyuzi joto 60 hivi na kuyeyuka kati ya 150 na 170, kwa hiyo haiyeyuki kwenye buli.

Kuoza kwake kuna masharti. Kipimo kinachotumika Ulaya, EN 13432, kinahusu mitambo ya mboji ya viwandani, ambako joto la nyuzi 58 hivi linashikiliwa kwa wiki nyingi mfululizo na unyevu unasimamiwa. Kwenye shimo la taka la uani joto ni la ardhi tu, nyuzi ishirini na kitu hadi thelathini. Humo PLA inaweza kukaa miaka ikiwa na umbo lake, na ikifika baharini hali ni hiyohiyo. Mji usio na mtambo wa namna hiyo wala gari linalokusanya taka za jikoni peke yake unaipokea PLA kama plastiki nyingine yoyote.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatawaambia. Wavu wa pembetatu ni PLA tupu, hauna karatasi. Kifuko kimoja cha namna hiyo kina gramu 0.15 hadi 0.2 za plastiki hiyo. Mtakuwa mmeondoa gramu 0.03 za plastiki ya mafuta na kuleta mara tano au zaidi ya plastiki ya mahindi, kwa bei mara tatu. Wavu huo una faida yake: majani makubwa hupata nafasi ya kufunguka na mtu anayaona. Chai yenu ni ya chembe ndogo, haihitaji nafasi hiyo, na vumbi lake litapita kwenye matundu ya wavu.

Mjue pia kwamba wavu wa nailoni halisi na wa poliesta unafanana nao kabisa kwa macho. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliloweka vifuko vya nailoni na poliesta kwenye maji ya nyuzi 95 na kuripoti mabilioni ya chembe za plastiki katika kikombe kimoja. Wanasayansi wengine waliihoji idadi ile, wakisema sehemu ya kilichohesabiwa huenda si chembe za plastiki. Ubishi huo hauwahusu sana ninyi. Chai inaweza kunywewa bila plastiki yoyote ndani ya maji ya moto, basi hakuna haja ya kusubiri wamalize kubishana.

Kujua mnachotumia sasa

Msitegemee maneno ya muuzaji. Kateni kipande cha kifuko kitupu, kishikeni kwa koleo, mkiwashe kiberiti juu ya sahani ya bati. Karatasi safi inawaka kama gazeti na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Yenye plastiki inajikunja, inadondosha tone au kuacha ukingo mgumu unaong'aa. Uzi upimeni vilevile. Uzi mwingi wa dukani ni poliesta hata kama ni mweupe na laini. Wa pamba unaacha jivu, wa poliesta unaacha kidonge cheusi kigumu.

Cha pili ni pasi. Wekeni vipande viwili vya kifuko kimoja juu ya kingine, funikeni juu na chini kwa karatasi ya kuokea, mkandamize kwa pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba, sekunde tano. Karatasi isiyo na plastiki haishikani. Ikishikana, ina polipropilini au PLA ndani. Kwa wavu wa pembetatu jaribio hilohilo linatenganisha: PLA itayeyuka, nailoni na poliesta zitasinyaa tu au zisibadilike.

Cha tatu kinataka subira: zikeni vifuko kumi vilivyotumika ndani ya mfuko wa wavu, kwenye mboji yenye unyevu, mfukue baada ya miezi mitatu. Kifuko cha karatasi tupu kinakuwa kimekwisha au kimebaki vipande laini. Cha polipropilini kinaacha utando mwembamba wa umbo lilelile, kama ngozi ya nyoka. Upigeni picha utando huo. Utawajibu wateja vizuri kuliko maelezo.

Kifuko kisicho na plastiki

Siri ya kifuko cha karatasi tupu iko kwenye namna ya kukifunga, kwa sababu kinachohitaji plastiki ni mshono wa joto. Mashine kubwa za vifuko vya vyumba viwili hukunja karatasi isiyo na gundi na kuifunga kwa pini au kwa fundo la uzi wa pamba. Karatasi yake ni nyepesi, gramu 12 hadi 13 kwa mita ya mraba, na imetengenezwa kwa nyuzi ndefu za abaka, mgomba wa Ufilipino usiolika, pamoja na nyuzi za miti. Mashine hizo si za kikundi cha watu saba. Kama kuna kiwanda kinachofungasha kwa niaba ya wengine, ulizeni swali moja: "Kifuko chenu kinafungwa kwa joto au kwa kukunja?" Jibu hilo linatosha.

Kwa mikono, njia inayofanya kazi ni cherehani. Tumieni karatasi ya kuchujia isiyobandika, lakini nzito kidogo, gramu 21 hadi 25, kwa sababu ile ya 13 inachanika kwenye sindano. Sindano iwe namba 70, hatua za mshono milimita 3 hadi 4, uzi wa pamba mwembamba. Hatua zikibanana, mashimo yanageuka mstari wa kuchania, kama ule wa stempu, na kifuko kinapasuka kikombeni. Acheni milimita 5 za ukingo. Kijazwe theluthi tu. Majani yakilowa yanavimba, na kifuko kilichojaa pomoni kinapasuka au kinatoa chai nyepesi kwa kuwa maji hayazunguki ndani. Mkia wa uzi wa mshono ukiachwa sentimita 15 unakuwa uzi wa kuning'inizia, na pini ya stepla inaondoka yenyewe. Lebo itobolewe na kufungwa fundo.

Tahadhari na vile vifuko vitupu vinavyouzwa tayari, vya kujaza mwenyewe na kuvuta uzi. Vingi vina mishono ya pembeni iliyobandikwa kwa joto. Vipimeni kwa pasi kabla ya kulipa.

Mkishindwa cherehani, karatasi ya kubandika yenye nyuzi za PLA badala ya polipropilini ni nafuu kidogo, maana robo tatu yake ni karatasi halisi. Inabandikwa kwa joto la chini kuliko ile ya polipropilini. Anzeni nyuzi 150 mpandishe tano tano hadi mshono ushike bila karatasi kuwa kahawia.

Kwa karatasi yoyote, ombeni hati inayosema inafaa kugusana na chakula kwenye maji yanayochemka. Karatasi hizi hutiwa resini ili zisiyeyuke zikilowa, na baadhi ya resini hizo hutengenezwa kwa kemikali iitwayo epiklorohidrini, ambayo mabaki yake lazima yawe chini ya kiwango. Hati inayotambulika ni ile inayotaja pendekezo namba XXXVI/1 la taasisi ya BfR ya Ujerumani, linalohusu karatasi za kuchujia vitu vya moto. Rangi nyeupe au kahawia si hoja. Karatasi iliyong'arishwa kwa oksijeni haina neno, na ya kahawia inaweza kuwa na polipropilini tele.

Na mkonge? Mtu wa Tanga lazima aulize. Zao lililoingia Pangani mwaka 1893 na kuubeba mkoa mzima, lishindwe na kifuko cha chai? Nyuzi zake kweli ni ndefu na imara, na rojo la mkonge hutumika kwenye karatasi maalumu. Tatizo ni mashine: karatasi ya gramu 13 inataka nyuzi zilizopikwa, zikaoshwa, zikatandazwa ndani ya maji mengi mno juu ya wavu unaokwenda kasi. Karatasi ya mkonge ya mkono hutoka nene, yenye mabonge, na haichuji sawasawa. Ifanyeni lebo, au mkanda wa kufungia kopo la zawadi. Uzi wa mkonge kwenye kifuko pia hapana. Ni mnene, unachubua karatasi, na unatoa harufu yake.

Kwa nini kaki iliwaangusha

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Chai kavu inavuta maji kutoka hewani. Inatoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 3 au 4. Ikivuka 7 inaanza kuchakaa haraka, harufu inafifia, rangi ya kikombe inadoda. Ikiachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa pwani, inapanda juu ya asilimia 10, na hapo ukungu unapata makao. Kaki tupu haizuii mvuke hata kidogo. Kwa mvuke, kaki ni kama kitenge mbele ya mvua.

Lakini naishuku zaidi tangawizi. Chai ya Amani hata ikilowa kidogo hukawia kuota ukungu. Tangawizi na mchaichai visivyokauka vizuri huleta maji yao ndani ya pakiti na kuigawia chai. Foili ingeficha kosa hilo kwa muda tu, maana inazuia maji kuingia na kutoka vilevile. Tangawizi ikatwe vipande vya milimita 3, mchaichai milimita 3 hadi 5, vikaushwe kwenye kaushio la jua lenye kivuli kwa nyuzi 50 hadi 60, hadi kipande cha tangawizi kivunjike kwa mlio badala ya kupinda. Kisha visagwe, vipoe ndani ya ndoo yenye mfuniko, na vichanganywe siku hiyohiyo.

Upimaji ni rahisi. Pimeni gramu 5 za mchanganyiko, ziwekeni kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 6, zipoe ndani ya chupa iliyofunikwa, mpime tena. Zikipungua gramu 0.35, unyevu ni asilimia 7. Mafuta ya tangawizi nayo huruka kidogo, kwa hiyo namba itakuwa juu kidogo ya ukweli, na hilo ni kosa la upande salama. Bila oveni, jazeni chupa ya kioo robo tatu, tieni ndani kipima unyevu wa hewa cha saizi ya kiberiti, funikeni siku nzima. Kikisoma chini ya asilimia 50, fungasheni. Kikisoma 65 au zaidi, rudisheni juani.

Saa nazo zina maana. Unyevu wa hewa uko juu alfajiri na hushuka jua likipanda. Fungueni magunia na kufungasha kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, na siku za masika mvua ikinyesha msifungue kabisa. Chai haina urafiki na sabuni, vitunguu wala samaki wa kukaanga chumba cha pili; inabeba harufu zao hadi kikombeni.

Badala ya vibahasha 25, mfuko mmoja

Pendekezo langu kuu ni hili: ondoeni vibahasha vyote, vifuko 25 viingie ndani ya mfuko mmoja unaozuia mvuke. Mfuko wa sentimita 12 kwa 18 ni kama gramu 4. Ukiwa na lebo ya karatasi hauhitaji boksi wala nailoni ya juu. Kutoka gramu 48 mnashuka hadi 11 au 12, kabla hamjagusa kifuko chenyewe.

Mfuko wa nini? Ulizeni muuzaji namba moja tu: gramu za mvuke zinazopita kwenye mita ya mraba kwa siku, kwa nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 90. Asiyeijua namba hiyo anauza picha. Mkishaipata, hesabu ni hii. Chai yenu ya gramu 50 ikiwa na unyevu wa asilimia 4, inaweza kupokea kama gramu 1.5 za maji kabla ya kufika 7. Mfuko wa 12 kwa 18, pande mbili, ni mita ya mraba 0.043. Namba ya filamu ikiwa 5, zinaingia gramu 0.2 kwa siku na mna wiki moja. Ikiwa 0.5, mna siku 70. Ikiwa 0.1, karibu mwaka. Hesabu ni kali kuliko Tanga ilivyo, kwa sababu nyuzi 38 si za kila siku na chai inayozidi kulowa huvuta polepole zaidi, lakini kwa kulinganisha mifuko haidanganyi.

Ndiyo maana mfuko wa kaki uliopakwa PLA, unaopendeza sana kwenye picha, unafaa biskuti za kuliwa kesho. PLA ni dhaifu mno mbele ya mvuke. Filamu ya selulosi, inayotokana na miti, ikiwa tupu nayo hupitisha maji. Ikiwa na utando wa kuzuia mvuke, na hasa ikipakwa vumbi jembamba la alumini, inafanya kazi nzuri na aina kadhaa zimethibitishwa kuoza kwenye mboji ya nyumbani. Ni ghali, na mshono wake unataka joto la kiwango kimoja thabiti. Njia ya kati ni mfuko wa polipropilini tupu, wa aina moja ya plastiki, uliopakwa alumini nyembamba: hauozi, lakini ni gramu chache badala ya ishirini, na hauna karatasi iliyogandishwa na foili.

Msipunguze uzuiaji kwa ajili ya sifa. Gramu 50 za chai iliyooza zimebeba kazi ya wachumaji, kuni za kukaushia kiwandani na mafuta ya gari kutoka mlimani. Gramu 4 za filamu ni kitu kidogo mbele yake.

Mfuko mzuri huharibiwa na mshono mbaya, na sababu kubwa ni vumbi la chai lililonaswa kati ya midomo miwili. Jazeni kwa faneli yenye shingo ndefu, futeni mdomo wa ndani kwa brashi kavu, ndipo mzibe kwa upana wa milimita 8 au zaidi. Katika kila mifuko 50 zamisheni mmoja kwenye ndoo ya maji mkiuminya; mapovu yakitoka, rudieni hamsini yote. Vumbi hilohilo ndilo linaloacha matope kikombeni, kwa hiyo chekecheni chai kabla, na kiwandani ombeni daraja la PF1, yaani chembe ndogo za chai, si vumbi. Mkitaka uhakika wa muda wa kukaa, ning'inizeni mifuko sita jikoni, muipime kila Ijumaa kwa mizani ile ndogo. Uzito unaoongezeka ni maji.

Mfuko ukifunguliwa, chai ya vifuko 25 haitamaliza mwezi wa masika bila kulowa. Andikeni juu yake: "Ukifungua, hamishia kwenye kopo lenye mfuniko."

Majani bila kifuko

Gramu 250 za majani ndani ya mfuko mmoja wa gramu 5 au 6 ni kifungashio cha gramu moja tu kwa kila gramu 50 za chai. Hakuna kifuko, hata kiwe cha dhahabu, kitakachoshinda hesabu hiyo. Nyumba nyingi za Tanga hazijawahi kuhitaji kifuko: majani yanatiwa kwenye birika na iliki, yanachujwa kwa chujio, habari imekwisha. Anayetaka urahisi wa kifuko muuzieni mfuko mdogo wa melimeli wenye uzi wa kuvuta. Unapinduliwa, unasuuzwa kwa maji bila sabuni na kuanikwa juani. Usipokauka siku hiyohiyo unanuka, waambieni.

Taka za kikombeni na maneno ya kwenye lebo

Majani yaliyotumika ni chakula kizuri cha mboji. Yachanganywe na majani makavu na makumbi yaliyokatwakatwa, rundo lisipungue mita moja kila upande, ligeuzwe kila wiki. Makumbi huchelewa, yatarudishwa kwenye rundo la pili. Hoteli yenye bustani inaweza kufanya hivi yenyewe, mradi vifuko viwe vya karatasi na pamba na visiwe na pini.

Kwenye lebo msiandike "rafiki wa mazingira" wala "inaoza" peke yake. Andikeni kitu kinachoweza kupimwa: "Kifuko ni karatasi, uzi ni pamba, hakuna plastiki, zika kwenye mboji. Mfuko wa nje ni plastiki ya polipropilini, hauozi." Mkibadilisha kifungashio, pelekeni taarifa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaoshika usajili wa vyakula, kabla ya kuchapa lebo elfu. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya kubebea, si kifungashio cha bidhaa kama chenu, ila msije mkauzia chai kwenye vile vimifuko vyeupe vya kubebea visivyo na jina. Na mkifikiria wanunuzi wa Ulaya, kuanzia Februari 2028 vifuko vya chai vinavyouzwa huko vitatakiwa viweze kuoza kwenye mitambo ya mboji ya viwandani. Cha polipropilini hakitapita, cha karatasi na pamba kiko upande salama.

Hoteli ndizo zitakazong'ang'ania vibahasha, kwa hoja ya usafi wa kila mgeni. Zipeni kopo la bati la vifuko 100 lenye mfuniko wa kubana na koleo dogo la kuchukulia. Yapeni makopo namba, yarudi kwenu kujazwa, yaoshwe na kuanikwa siku nzima. Kopo la chai ya mchaichai lisijazwe kamwe chai tupu, hasa kama mfuniko wake ni wa plastiki. Plastiki inashika mafuta ya mchaichai, na sabuni haiyatoi.